Dada wa Binti Yangu

Kwanza niliisikia. Sauti ndogo, kama ushanga uliodondoka kwenye sufuria tupu. Sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa nimeinama jikoni kwa mama nikipuliza kuni mbichi za mkaratusi, na moshi ulikuwa umenifumba macho yote mawili. Nilipapasa mfuko wa sweta. Simu haikuwemo.

"Mwanaume huyo," mama alisema kutoka mlangoni.

"Mama, labda ni ujumbe wa bando."

"Bando haliliagi hivyo. Bando linaliaga kama mtu anafoka. Huyu anabembeleza."

"Dada!" Sauti ya tatu ilitoka uani. "Inawaka juu ya kinu! Nikuletee?"

Aliyeniletea simu alikuwa na miaka saba, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, vifungo vya sare ya shule vimepishana. Ni binti yangu. Nilimzaa mimi. Naandika kwa ufupi hivyo kwa sababu asubuhi ile, na asubuhi zote zilizotangulia, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilimpata nikiwa mwaka wa pili chuoni. Baba yake alihamia Tabora, akaoa, na hajawahi kuuliza hata kama mtoto ameota meno. Mama alikuja kumchukua akiwa na miezi mitano, akamfunga mgongoni, akapanda gari la kurudi Kasulu, nami nikarudi darasani nikiwa na kifua kilicholowa maziwa. Hapakuwa na ajabu yoyote. Kwetu, mtoto ambaye msichana amempata kabla ya kuolewa hubaki nyumbani, anakuwa kitinda mimba wa bibi yake. Hakuna anayeketi kukubaliana. Yeye aliwasikia wadogo zangu wakimwita mama "mama" na mimi wakiniita "dada", akayaokota maneno hayo kama alivyookota kijiko. Mara ya kwanza aliponiita hivyo ilikuwa kwenye simu, nikiwa Dar es Salaam. "Dada, hujambo?" Nilicheka. Nilimwambia rafiki niliyekuwa naye chumbani, naye akacheka. Kicheko kile ningekuwa na uwezo wa kukimeza, ningekimeza hadi leo.

Niliishi Dar miaka kadhaa baada ya chuo, katikati ya vijana waliokuwa wakisomeana miswada sakafuni na kugombana juu ya sentensi moja mpaka chai ikapoa. Niliwapenda kama watu wanavyopenda dini. Riwaya yangu ya kwanza ilitoka, wachache wakaisoma, na kodi ya chumba ikanishinda. Nikarudi Kasulu. Mchana nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye duka la stesheneri jirani na soko. Jioni niliandika sebuleni kwa mama, ukungu ukiingia dirishani, binti yangu akiwa amelaza kichwa mezani na kuniuliza kwa nini naandika na kufuta, naandika na kufuta.

Nilitaka kitu kimoja tu: nyumba yangu, na yeye ndani yake, akiniita mama. Mama hakukataa. Alisema bila kuzunguka, akiwa anapepeta maharage: "Siku ukiwa na kwako, njoo umchukue. Chumba cha kupanga si kwako. Mtoto wa nyumbani anahamia kwa mama aliyeolewa, akakute uwanja na baba. Sitampeleka mjukuu wangu kulala kwenye chumba ambacho mwenye nyumba anagonga."

Ndiyo maana nilikuwa natafuta mume kwenye simu.

Aliyenipakulia ile aplikesheni ni mwenzangu wa dukani, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa hapahapa Kasulu kwa wazazi waliotoka Bagamoyo. Alikuwa ameachika, ana watoto watatu, na alikuwa akiwachambua wanaume wa kwenye skrini kama anachagua nyanya, anabonyeza na kuzirudisha.

"Weka kilomita ishirini," nilimwambia tulipofika kwenye swali la umbali.

"Shoga, kwa kilomita ishirini utawamaliza kabla uji haujapoa. Weka mia na hamsini. Tuifikie Kibondo, tuifikie Kakonko, Mungu akipenda tushike na hewa ya Burundi."

Wa kwanza kutokea alikuwa mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, amevaa suti, ameandika ana miaka thelathini na mitano. Alikuwa na miaka thelathini na mitano wakati ananifundisha pembetatu. Mwenzangu alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi, ikatoa karatasi tatu tupu.

Mwanzoni niliandika ukweli: nina binti wa miaka saba. Wanaume waliniandikia. Mmoja aliuliza kama mtoto naishi naye au yuko kwa bibi, na nilipochelewa kujibu akaongeza: kama yuko kwa bibi haina shida. Wa pili aliuliza vilevile. Wa tatu hakuuliza, alisema tu yeye si mtu wa kulea. Mmoja alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, Mkongo. Aliandika: "Miye niko na batoto batatu, bibi alikufaka." Kwao bibi ni mke. Kisha akauliza binti yangu anaitwa nani. Ni yeye peke yake, kati ya wote, aliyeuliza jina. Sikumjibu. Alikuwa akingoja kupelekwa nchi ya mbali, na mimi niliogopa kumpenda mtu mwenye begi mlangoni.

"Badilisha hapo," mwenzangu alisema. "Andika huna."

"Nimkane?"

"Unamkana nani? Huyo mtoto ni wa mama yako. Hata yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia."

Kisanduku cha swali la watoto kilikuwa na majibu matatu. Ninao, naishi nao. Ninao, hawaishi nami. Hapana. Nilikaa nacho siku nzima. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, binti yangu na mimi, miguu yake ikinichimba mbavu. Kwa hiyo niliishi naye. Lakini aliyeishi naye alikuwa dada yake. Nilitafuta jibu la nne, sikuliona, na jioni, mteja akiwa ananisubiri nimchapie barua ya kuomba likizo, nikagusa Hapana.

Wiki hiyohiyo akatokea kwenye skrini mtu wa Kibondo.

Picha yake ilikuwa na watoto wawili, wa kiume na wa kike, nyuso zao amezifunika kwa alama za maua ili watu wasiwajue. Alikuwa amefiwa na mke miaka mitatu kabla. Alikuwa na duka la pembejeo, mbegu na dawa za mifugo, na aliandika meseji kama mtu aliyefundishwa na walimu wa zamani: salamu, nukta, habari, nukta. Aliniita mwandishi. "Mwandishi, umeamkaje? Huku mvua imekata." Nilikuwa naisoma meseji ile mara tatu nne, kana kwamba mvua ya Kibondo imekatika kwa ajili yangu.

Baada ya mwezi aliniandikia hivi, na nakumbuka kila neno kwa kuwa sijawahi kuufuta ujumbe huo: "Nataka ujue kwa nini nimetafuta asiye na mtoto. Nililelewa na mama wa kambo aliyekuja na wanawe wanne. Walikula kwanza wao. Hakuwa mtu mbaya. Chakula kilikuwa kidogo, basi, akaanza na wake. Niliapa wanangu hawatakula baada ya wengine. Samahani kama nimesema vibaya."

Hakuwa amesema vibaya. Hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa mjinga ningemfuta. Nilishika simu nikimwona mvulana mdogo amekaa pembeni ya sinia, anangoja, na nikampenda mvulana yule, na nikajua kwamba mtoto anayemzuia binti yangu asiingie mlangoni ni huyohuyo.

Nilikwenda Kibondo Jumamosi moja. Nilimkuta nyuma ya kaunta akimweleza mkulima jinsi ya kuhifadhi mahindi yasibunguliwe, taratibu, bila kumdharau. Tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese kwenye mgahawa ulio karibu na stendi, yeye, mimi na watoto. Mvulana wa miaka tisa alinikagua kama askari. Msichana wa miaka mitano alikuwa na nywele zilizosimama, maana dada wa kazi aliyekuwa akimsuka alikuwa amesafiri kwao Nyabibuye.

"Lete kitana," nilisema.

Nilikaa kizingitini mwa duka, nikamweka katikati ya magoti yangu, nikamsuka mistari. "Mwanangu, inamisha kichwa," nilimwambia. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyonitoka kwa mtoto yeyote anayekuja kununua daftari. Baba yake alilisikia. Aligeuka, akaanza kupanga mifuko ya mbegu iliyokuwa tayari imepangwa. Msichana akasinzia, shavu likanielemea gotini, zito na moto, na mimi nikaendelea kusuka huku machozi yakinitoka, kwa sababu nywele za binti yangu husukwa na mama. Sijawahi kuzimaliza. Kila nilipojaribu aliniambia, "Dada, wewe unaumiza."

Kabla sijapanda gari alisema, "Nataka kuja kumsalimia mama."

Nilikuwa na siku nane za kumwambia. Mimi ninayeweza kujaza kurasa mia tatu kwa watu wasiokuwepo, nilishindwa na sentensi moja. Niliandika: kuna jambo sijakwambia. Nikafuta. Niliandika: yule mdogo wangu niliyekutajia. Nikafuta. Nilikuwa nimemtaja, ndiyo, wiki za mwanzo, nikasema mdogo wangu anaumwa mafua, na ile ikawa rahisi kuliko nilivyotarajia, rahisi kabisa.

"Olewa kwanza," mwenzangu alinishauri dukani. "Mwaka wa kwanza anakuja likizo. Mwaka wa pili likizo inakuwa ndefu. Mwaka wa tatu nani anakumbuka?"

"Na yeye aje kwangu kama shemeji wa mume wangu?"

"Kwani kuna shida gani? Mimi wangu wananiita mama siku nzima mpaka nataka kuhama."

Mama naye nilimkuta uani anafua sare ya shule. Nilimwomba anisaidie kusema.

"Mimi sitasema," alijibu. "Mtoto ni wako, maneno ni yako. Ukiyasema nitayaitikia." Aliikamua sketi ile ndogo kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Na ukishayasema mtoto atakwenda. Usidhani sijui."

Sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba mama pia anaweza kubaki bila mtoto.

Mtu wa Kibondo alikuja Jumapili, baada ya ibada, na watoto wake wawili wamevaa viatu vipya vinavyowachuna. Alimletea mama kitenge na mbegu za maharage kutoka dukani kwake, na mbegu ndizo zilizomfurahisha. Walisalimiana kwa Kiha kwa muda mrefu, wameshikana mikono, nyumba nzima, mashamba, wagonjwa, waliokufa, ng'ombe, mvua, kama inavyotakiwa. Binti yangu akaingia na jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya mgeni, akamnawisha bila kumwaga tone.

"Huyu amelelewa," alisema, amefurahi kweli. "Mama, huyu ni wa ngapi kwako?"

Mama aligeuka. Aliniangalia. Haikuwa hasira wala huruma; alikuwa ananipisha tu, kama mtu anayesogea pembeni ili mwenzake apite. Nilifungua mdomo.

"Mimi ni wa mwisho!" binti yangu alisema. "Baada yangu wamefunga!"

Walicheka wote. Alijua kwamba amechekesha, akarudia, "Wamefunga duka!" na mvulana yule mkali wa miaka tisa naye akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kumbe wewe ndiye shemeji yangu mdogo," mgeni akasema. "Na shemeji mdogo ana kodi yake. Nisipokuhonga hunipi dada."

"Sikupi!" Akakimbia jikoni akiimba, "Shemeji, shemeji."

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikaufunga.

Mama aliwapakulia watoto kwanza, watatu, sinia moja, kwenye mkeka karibu na dirisha. Kuku, ugali, mchuzi. Nilimwona mgeni akiwatazama. Msichana wake wa miaka mitano hakufikia mchuzi, na binti yangu, bila kuambiwa, akalizungusha sinia kidogo, mchuzi ukawa upande wa mwenzake. Uso wa yule mwanaume ukalegea.

"Mwandishi," aliniambia kwa sauti ya chini, "naomba hewa kidogo nje."

Tulisimama chini ya upenu. Alitaka kuniambia kwamba mwezi ujao atawaleta wajomba zake. Alisema ameona mtoto wa nyumba hii anavyomlisha wake, na kwamba nyumba inayolea hivyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Alikuwa anasema mengi, yeye ambaye si msemaji. Nikamkatiza.

"Yule ni wangu."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza yote, mwaka wa pili, Tabora, gari la mama, neno lile kwenye simu. Nilisema haraka, vibaya, bila nukta. Alipoelewa aliangalia viatu vyake, vimepakaa udongo mwekundu.

"Yeye anajua?"

"Hapana."

"Na wakati nauliza pale ndani, ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa nimekaa."

Aliguna. Nilingoja akasirike, ningeweza kusimama mbele ya hasira. Badala yake alisema kwa upole, "Ungeniambia kule mwanzo, ningekataa, nakwambia ukweli. Leo nimemwona. Mtoto kama yule hawezi kunishinda." Akageukia mlango. "Mwite. Si lazima umweleze yote. Mwite tu 'mwanangu', nikusikie. Mimi nitabaki, tutakula, wajomba watakuja."

Kitu kidogo hivyo. Nimewaita hivyo watoto wa wateja, watoto wa jirani, msichana wake kizingitini Kibondo. Nilimwita kwa jina lake. Akatoka, vidole vimejaa mchuzi, kidevu kinang'aa, bado anatafuna.

"Abee, dada?"

Nilimtazama. Ana paji la uso la mama yangu na masikio ya mtu aliye Tabora. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, nilimwona mama ameshika upawa hewani, hapakui, harudishi. Neno lilikuwepo. Niliusikia uzito wake ulimini. Lakini macho yale yalikuwa yananitazama kwa furaha ya siku kubwa, siku ya shemeji na kuku, na nilijua kwamba nikilitamka yatageuka kwanza kumtafuta mama yake. Na mama yake angekuwa yule mwenye upawa.

"Nawe umenawa kweli kabla ya kula?" nikasema.

"Nimenawa!"

"Haya, nenda kamalizie."

Akarudi ndani akirukaruka. Mtu wa Kibondo alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri mvua ipungue, kisha akaniambia kitu ambacho nimejaribu mara nyingi kukiona kuwa ni uonevu na nimeshindwa. "Wangu hawana mama. Siku wakikuhitaji mbele ya watu, utafanyaje?"

Aliingia, akamshukuru mama kwa kila kitu, akamwomba radhi kwamba gari halingoji. Hakula. Mama alimfungia kuku kwenye jani la mgomba kwa ajili ya watoto, na alimpa kwa mikono miwili. Mvulana alivaa viatu vyake vya kuchuna bila kulalamika. Msichana alilia, hakutaka kuliacha sinia.

"Dada, shemeji atarudi lini?" binti yangu aliniuliza.

"Muulize mwenyewe," nilisema, na hata hilo lilikuwa jambo baya.

Akamuuliza. Mgeni alimwinamia, akamshika kichwa kwa kiganja kizima, akamwambia awe anasoma kwa bidii. Kisha akatoka, mtoto mmoja mkononi, mmoja mbele. Mvua ilikuwa imeanza na ilikuwa inapiga sebuleni. Masika mlango wetu huvimba, haukubali kufungwa mpaka uusukume kwa bega, na binti yangu anajivunia kwamba siku hizi anauweza peke yake. Alirudi nyuma hatua mbili, akaurukia. Mara ya kwanza uligoma. Mara ya pili ukaingia.